Swichi ya Meza ya Rangi

Waliing'oa swichi yangu Jumanne asubuhi, mimi nimesimama pale pale natazama. Ilikuwa swichi ya kamba, ilining'inia juu ya meza yangu miaka ishirini na miwili, na kamba yenyewe niliisuka kwa mikono yangu kwa mabaki ya uzi wa zambarau baada ya ile ya kwanza kukatika. Fundi umeme aliifungua kwa bisibisi, akaziba tundu la ukutani kwa kifuniko cheupe cha plastiki, halafu akaniwekea ile kamba kiganjani kama mtu anayekabidhi vitu vya marehemu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Mimi natumwa tu."

"Sasa nikitaka kuzima taa?"

"Huzimi. Inajizima."

"Nikitaka kuwasha?"

"Huwashi. Inajiwasha yenyewe."

"Na mimi nifanye nini?"

Alicheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo.

Naomba nieleze kazi yangu, maana hata humo kiwandani wapo wanaodhani nalipwa kwa kukaa. Kiwanda chetu kinashona sare: za shule, za walinzi, za wahudumu wa hoteli. Mafundi wa cherehani wapo ukumbini, mistari mitano, kelele tupu. Kwenye kona, nyuma ya makabati ya vitambaa, kuna meza mbili. Moja ni ya mfumaji, mzee mpole anayeziba matundu ya nguo kwa sindano hadi mwenye nguo mwenyewe asijue ilitoboka wapi. Ya pili ni yangu, meza ya rangi. Majora ya kitambaa hayakatwi kabla sijayalinganisha, na uzi hauingii kwenye cherehani kabla sijaupitisha. Ndiyo maana wananiita Mama Rangi, na siku wakiwa na haraka wananiita Mama Subiri Kwanza.

Kulinganisha rangi si kukodoa macho tu. Vitambaa viwili vinaweza kupatana vizuri chini ya taa, ukavitoa nje vikakataana kabisa. Kwa hiyo mimi natazama mara mbili. Mara ya kwanza taa inawaka. Kisha navuta kamba, nazima taa ya juu ya meza yangu peke yake, nafungua dirisha, natazama tena kwa mwanga wa mchana. Ninalo daftari, kila rangi iliyopita mkononi mwangu imebandikwa humo kipande cha uzi, na mbele yake kuna safu mbili, safu ya taa na safu ya dirisha. Kila safu lazima iwe na alama yangu. Mama aliyekaa kwenye meza ile kabla yangu ndiye aliyenifundisha hivyo, na kwa miaka yote hiyo hakuna nguo iliyorudi kwa sababu ya rangi. Hakuna hata moja.

Mfumaji yeye alipenda taa yake iwake kutwa, tena aliivuta chini karibu na pua. Mimi yangu nusu ya siku ilikuwa imezimwa. Kila mtu alikuwa na swichi yake, na hatukuwahi kukwaruzana.

Sasa akaja meneja mpya wa jengo. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho, viatu vinang'aa, simu mbili mkononi, na hawezi kumaliza sentensi bila kutaja mfumo. Mfumo unajua. Mfumo utaamua. Tusubiri mfumo. Hazikupita siku tatu mpiga pasi wetu, ambaye mdomo wake haujawahi kupoa kama pasi yake, akambatiza Bwana Mfumo, na jina likashika.

Mfumo wenyewe ulikuwa huu. Taa zote za zamani zikatolewa, zikawekwa mpya, nyeupe zenye ubuluu kwa mbali, zote sawasawa kuanzia mlangoni hadi chooni. Swichi zote zikang'olewa. Darini pakabandikwa vidude vyeupe vya mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai, tukaviita Macho. Jicho likiona mtu anatembea, taa inawaka. Likikaa dakika kumi bila kuona kitu kinachotikisika, taa inazima. Kwa mafundi wa cherehani haikuwa shida, wao wanatikisika kutwa. Lakini kwenye kona yetu, nyuma ya makabati, tulikuwa watu wawili ambao kazi yetu ikienda vizuri hatutikisiki. Ukimwona mfumaji anarukaruka kwenye kiti chake, ujue amejidunga.

Na alijidunga kweli. Siku ya pili taa ilizima sindano ikiwa katikati ya shati jeupe la mteja, akajichoma kidole, damu ikadondoka kwenye kola. Mzee wa watu alikaa pale gizani anapuliza kidole chake, haongei. Mimi ndiye niliyeongea. Niliongea mpaka ukumbi wa cherehani ukanyamaza.

Mpiga pasi ndiye aliyepata njia. Alichukua karatasi akachora ratiba, akaibandika nyuma ya meza yake ya pasi ambako wakubwa hawafiki. Majina yote ya ukumbini yalikuwemo, siku kwa siku. Zamu yako ikifika unaacha kazi, unakuja kwenye kona yetu, unapunga mikono miwili juu kuelekea dari, kisha unarudi kwenye kazi yako. Basi watu wazima wenye wajukuu wakawa wanakuja kupungia dari. Wengine walicheza kidogo ili kutuchekesha, na sisi tulicheka, lakini mimi kila nilipocheka niliikumbuka kamba yangu. Nilikuwa na swichi. Nilikuwa na swichi ya kamba, na sasa nahitaji watu ishirini ili nione meza yangu.

Nikamfuata Bwana Mfumo. Nilimkuta ukumbini, kwenye ngazi.

"Bwana meneja, naomba swichi yangu irudi. Moja tu. Ya meza ya rangi."

"Mama yangu," alisema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa, "tukimpa kila mtu swichi yake, mfumo utachanganyikiwa."

"Bora uchanganyikiwe mfumo kuliko mimi."

"Mwanga huu umepimwa na wataalamu. Ndio unaofaa kwa macho ya mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida ndiye nani? Amekaa meza gani? Mfumaji anautaka mkali zaidi, mimi natakiwa kuuzima. Mtu wa kawaida wako hayupo kwenye kona ile."

"Jaza fomu, mama."

Nikajaza fomu. Wiki hiyo hiyo wakaja kulifunga dirisha langu lisifunguke tena na kubandika karatasi ya giza kwenye kioo chake, eti kuzuia joto. Nikajaza fomu ya pili. Mlangoni wakaweka kioo cha kubonyeza chenye swali: Umeridhika na mwanga wa leo? Chini yake kulikuwa na nyuso tatu. Wa kwanza unacheka, wa pili unatabasamu, wa tatu umetulia. Uso ulionuna haukuwepo. Nilisimama pale asubuhi moja kuutafuta hadi mlinzi wa mlangoni akaniambia nimeziba njia.

Halafu ikaja kazi ya makoti.

Chuo cha uuguzi kiliagiza makoti mia na ishirini ya bluu iliyoiva kwa ajili ya mahafali. Nilijua kabla hata karatasi ya kazi haijafika, maana kitinda mimba wangu alikuwa anahitimu hapo. Miaka mitatu amesoma, na mwaka mzima alikuwa anatania kwamba siku yake kubwa atavaa mkono wa mama yake. Kitambaa kilikuja mafungu mawili: majora saba yaliyokuwa stoo, na manne mapya. Hayo manne ndiyo yaliyopangwa kukatia mikono ya makoti.

Nililaza jora la zamani, nikalaza jipya juu yake. Chini ya taa zile nyeupe vilikuwa kitu kimoja. Nilivigeuza, nikavikunja, nikavipapasa kwa ukucha. Kitu kimoja. Nikaweka alama kwenye safu ya taa. Kisha mkono wangu ukapanda wenyewe kutafuta kamba, ukashika hewa.

Sitaki mtu aseme sikujaribu. Nilipanda juu ya kigoda na kipande cha bitana nyeusi nikaifunika taa. Kabla sijashuka, Bwana Mfumo alikuwa ameshafika. Aliniona kwenye kamera za ulinzi. Nikaandikiwa barua ya onyo ya kuchezea mfumo, mimi ambaye sijawahi kuchelewa kazini tangu binti yangu azaliwe. Nilimwomba basi nitoke na kitambaa uani dakika mbili. Akasema kitambaa cha mteja hakivuki mlango. Nikachomoa nyuzi mbili, nikaziweka kwenye daftari, nikaenda nazo mlangoni saa ya chakula. Mlinzi akalifungua daftari, akalifunga.

"Dada, nimeambiwa hili nalo ni mali ya kiwanda," alisema bila kunitazama usoni. "Usiniponze, nina watoto."

Nikarudi. Nikampelekea Bwana Mfumo karatasi ya kazi, nikamwambia waziwazi, "Sijakitazama kwa mwanga wa mchana."

"Chini ya taa vinafanana?"

"Vinafanana."

"Basi tatizo liko wapi? Weka sahihi, mama, mafundi wanasubiri kukata."

Nikaweka sahihi. Hilo nalikiri, na linaniuma mpaka leo. Ningeweza kukataa. Nilichoka, nilikuwa na barua ya onyo ndani ya mkoba, na binti yangu alihitaji koti. Kwenye daftari, safu ya dirisha, sikuandika kitu.

Siku ya mahafali jua lilikuwa kali, anga halina wingu. Tulikaa kwenye viti vya wazazi, mimi na mzee wangu, yeye kavaa tai aliyostaafia ualimu. Milango ya ukumbi wa chuo ikafunguliwa, wauguzi wakatoka wawili wawili kuja uwanjani. Niliona kabla hawajamaliza ngazi. Viwiliwili vya makoti vilikuwa bluu. Mikono ilikuwa zambarau. Mia na ishirini, wote, kana kwamba kila mmoja ameazima mikono ya mtu mwingine.

Nilimshika mume wangu goti. "Unaona?"

"Naona, mama watoto. Wamependeza."

"Mikono!"

Alikaza macho. "Mimi naona bluu," alisema. Huyo ndiye mwanamume niliyeolewa naye, hajawahi kujua soksi zake zipi ni za pea moja. Lakini watu wengine waliona. Mama mmoja nyuma yangu alimuuliza mwenzake kama ndio mtindo mpya. Mpiga picha aliwapanga, akatazama kamera yake, akawatazama wao, akatazama tena kamera. Wauguzi wenyewe wakaanza kunyoosha mikono na kuilinganisha na kifua, kisha wakawa wanaificha nyuma. Kwenye picha ya mahafali ya binti yangu, wauguzi mia na ishirini wameweka mikono nyuma kama watu waliokamatwa.

Alinijia baada ya picha. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliinua mkono wake juani, akauliza taratibu, "Mama, hii imekuwaje?"

Nilimkumbatia, nikamwambia nitajua la kufanya.

Jumatatu makoti yalirudi kwenye magunia. Jumanne Bwana Mfumo aliwaambia wasimamizi kwamba mfumo uko salama, tatizo ni macho ya mama wa rangi. Umri, mnajua tena. Maneno hayo yalinifikia kabla ya saa nne, maana kiwandani maneno yana miguu. Sijui kama naweza kueleza vizuri hasira ile. Angesema nimekosea, ningekubali nusu. Lakini macho yangu! Ndiyo mkate wangu na jina langu. Mtu ananifunga kitambaa usoni, nikijikwaa anasema mimi ni kipofu.

Nilikwenda kwa daktari wa macho kwa miguu yangu mwenyewe. Alinionyesha kurasa za vidoa vya rangi, nikazisoma zote, akazichanganya, nikazisoma tena. "Mama," alisema, "macho haya ukiyachoka nipe mimi." Akaandika barua, akapiga muhuri. Nikampelekea Bwana Mfumo. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Daktari amepima hospitalini," alisema. "Sisi tunazungumzia hapa kazini."

Alhamisi nikaitwa ofisini kwake. Sikuwahi kuingia humo tangu ahamie. Mwenye kiwanda alikuwepo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, sisi tunamwita Mwenyewe, kwa kuwa kila anapokuja watu hunong'onezana, "Mwenyewe kaja." Juu ya meza kulikuwa na rundo la makoti yaliyorudi, na pembeni yake barua iliyochapwa tayari. Niliisoma. Ilisema kwamba kutokana na kudhoofika kwa uwezo wangu wa kuona, ninakubali kwa hiari yangu kuhamishiwa kitengo cha kufungasha. Kwa hiari yangu. Kalamu ilikuwa imewekwa juu yake, imefunguliwa kabisa.

Mwenyewe alichukua koti moja akaligeuza. "Lakini mimi naona mikono iko sawa," alisema. "Hawa wa chuo wanalalamikia nini?"

Na kweli ilikuwa sawa. Pazia la ofisi lilikuwa limefungwa, taa nyeupe inawaka juu, koti zima bluu. Nikajisemea, hapa nimekwisha, hata ushahidi wangu umenigeuka.

"Kasoro ni ya juani tu, bosi," alisema Bwana Mfumo. "Mtu mwenye macho mazuri angeikamata mapema. Tusimlaumu mama, ni umri." Akapitisha vidole kwenye paji la uso. "Samahanini, taa hizi zikiwaka muda mrefu zinanipasua kichwa."

Akanyanyuka. Akavuta pazia, na dirisha lake lilikuwa kioo kitupu, halina karatasi. Kisha akaenda ukutani kando ya kabati, akanyoosha kidole, akazima taa.

Akazima taa! Kwa swichi! Nyeupe, mpya, iko ukutani kwake kimya kimya kama kitu cha kawaida.

Sikuyatazama hata makoti. Nilitazama ile swichi kama mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea. Mwenyewe ndiye aliyeshtuka kwa koti. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza dirishani. "Hee," alisema. "Mbona limebadilika?"

Hapo nikasimama. Bwana Mfumo alianza kusema kitu, nikampita. Nikaweka kidole kwenye swichi yake nikawasha.

"Mama, tazama koti."

"Bluu," alisema Mwenyewe.

Nikazima.

"Mikono zambarau."

Nikawasha. Nikazima. Nikawasha. Sijui nilifanya mara ngapi. Miezi minne sikuwa nimegusa swichi kazini. Nilipoacha, nilikuwa nimeizima, na makoti yote juu ya meza yalikuwa yamelala pale na mikono yao ya zambarau, hata mume wangu angeyaona.

"Hiyo ndiyo kazi yangu," nikasema. "Kuzima na kutazama. Miaka ishirini na miwili nazima na kutazama." Nikatoa daftari mkobani, nikalifungua mbele yake. Mwenyewe alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya taa, alama baada ya alama hadi chini. Akapitisha kwenye safu ya dirisha. Kidole kikafika tarehe ya ile Jumanne ya kung'olewa swichi, kikasimama. Kuanzia hapo hadi mwisho wa ukurasa, na ukurasa uliofuata, na uliofuata, safu ilikuwa nyeupe.

"Hapa pako wazi kwa nini?"

"Hapo ndipo nilipotakiwa kutazama."

Alivua miwani. "Bwana meneja, nilielewa swichi zote zimetolewa."

"Zote, bosi. Hii niliomba iachwe. Ofisi ina mahitaji yake, mwanga ule kwa mtu anayekaa kutwa..."

"Uliomba kwa nani?" nikamuuliza.

Akageukia rundo la makoti, akaanza kulipanga.

"Mimi niliomba kwa mdomo, kwenye ngazi. Nikaomba kwa fomu mbili. Nikapanda kigoda na umri wangu huu, nikaandikiwa barua ya onyo. Mfumaji ametoka damu kwenye nguo ya mtu. Watu wazima wanapungia dari kama wamerukwa na akili ili sisi tuone sindano. Wewe kichwa kikikuuma unanyoosha kidole. Uliomba kwa nani, au ulijiomba ukajikubalia?"

Akaendelea kuinamia makoti. Mwenyewe naye alikuwa ameinamia meza. "Mfumo huo niliupitisha mimi," alisema polepole. "Niliambiwa wafanyakazi wameridhika, nikaonyeshwa nyuso zinacheka. Sikuja kuuliza kwenye meza." Hakuniomba radhi zaidi ya hapo, na mimi sikuchukua ile kuwa radhi, lakini nilimsikia.

Aliamua mambo kwa mkupuo. Mikono ya makoti ikatwe upya kutoka majora ya zamani, na chuo kiitwe kupiga picha nyingine. Karatasi za giza zitoke madirishani, na madirisha yafunguke. Fundi umeme arudi na swichi, moja kwa kila meza inayoihitaji, na wenye meza ndio waulizwe. Fundi alikuwa safarini hadi wiki inayofuata.

"Kwa hiyo mpaka swichi irudi, meza ya rangi itakaa humu," Mwenyewe akasema. "Meneja, wewe kaa kule kwenye kona."

"Bosi, kule hapana..."

"Hapana nini?"

Akaanza kufunga kompyuta yake. Ile barua bado ilikuwa mezani na kalamu yake. Sikuichana. Nilimsogezea yeye, nikamwambia aandike chini yake, kwa mkono wake, kwamba macho yangu ni mazima. Alimtazama Mwenyewe, akamwona anasubiri, akaandika. Nimeiweka kwenye daftari, kwenye ukurasa wenye ile bluu. Kusema pole hakusema, hadi leo.

Ijumaa asubuhi mafundi wanne walinibebea meza. Niliiweka chini ya dirisha lile, nikapanga majora, nikaweka alama ya taa, nikazima, nikatazama, nikaweka alama ya dirisha. Nilimtumia binti yangu ujumbe kwamba picha itarudiwa, na safari hii wanyooshe mikono. Ofisi ile iko juu, ina kioo kinachotazama ukumbi mzima hadi nyuma ya makabati. Kupitia hapo nilimwona Bwana Mfumo kwenye kona, amekaa kando ya mfumaji, kompyuta kwenye mapaja, anaandika taarifa. Alikuwa ametulia tuli.

Baada ya dakika kumi kona ikazima.

Aliinua uso. Alitazama dari, akatazama ukutani, mkono wake ukaenda kwenye ukuta ukapapasa kile kifuniko cheupe cha plastiki. Mfumaji hakusogea, alishika sindano yake hewani akasubiri, kama alivyozoea. Ukumbi mzima ukapunguza kelele. Watu wakamgeukia mpiga pasi, kwa kuwa ndiye mwenye ratiba.

Mpiga pasi aliweka pasi yake wima. Alichomoa karatasi nyuma ya meza, akapitisha kidole juu hadi chini, akatikisa kichwa. Kisha akachukua penseli sikioni, akaongeza jina.

"Bwana meneja," aliita kwa adabu zote, "hii zamu ni yako. Mikono miwili, tafadhali, tena juu kabisa. Jicho la hapo halioni vizuri."